Nilimwambia Apime Maji

Wiki iliyopita niliwaacha mmesimama na mimi mlangoni, maji yakitupita miguuni. Kwa aliyekosa gazeti, nafupisha.

Mama yangu ana nyumba moja ya kupangisha, sebule na vyumba viwili, aliyoachiwa na marehemu baba. Nilipomaliza chuo na kuzunguka na vyeti mpaka soli za viatu zikaisha, mama aliniambia ni afadhali niisimamie nyumba hiyo kuliko kukaa bure nikihesabu mabati ya paa. Wapangaji walikuwa wawili tu: mama mmoja mshonaji, na mumewe, mtengeneza saa mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Saa. Mzee Saa akapigwa na kiharusi. Mkewe akiwa naye hospitalini, bomba la jikoni likapasuka, na maji yakatuama ndani siku tatu bila mtu kujua. Sakafu ya mbao aliyoipigilia baba kwa mikono yake ikavimba, ikainuka katikati kama mgongo wa ngamia.

Hapo ndipo nilipotoa ahadi. Nilimshika Mshonaji mikono yote miwili nikamwambia mumewe akitoka hospitali atakanyaga sakafu mpya, imara, ambayo maji hayataiweza tena.

Leo nasimulia jinsi nilivyoitimiza ahadi hiyo. Naomba msiharakishe kunihurumia.

Mambo yalikuwa hivi. Mzee Saa alikuwa na dada mkubwa. Nitamwita Wifi, kwa kuwa ndivyo Mshonaji alivyomwita, kwa sauti ya mtu anayemeza dawa chungu. Wifi alikaa mbali, safari ya kutwa nzima kwa gari. Alitaka kumchukua mdogo wake akamuuguze mwenyewe, akidai mgonjwa hawezi kuangaliwa na mtu anayeshinda amekalia cherehani. Mshonaji alimbembeleza kwa simu siku tano. Mwisho wakakubaliana kwamba Mzee Saa ajaribiwe nyumbani kwake, kwa mkewe. Akianguka tu, Wifi atakuja na gari.

"Mara moja," Mshonaji aliniambia. "Hakusema mbili."

Walikuwa wameoana miaka thelathini na moja, na hawakujaliwa mtoto. Sasa ndoa yao yote ilikuwa imewekwa juu ya sakafu, na sakafu nilikuwa nimepewa mimi.

Nilimtafuta fundi aliyekuwa rafiki wa baba. Nyumbani tulimwita Fundi tu, kana kwamba duniani hayuko mwingine. Alikuwa na miaka sitini na ushee, magoti yamekomaa kama visigino. Mimi aliniita Msomi, na kila alipolitamka jina hilo ungedhani anamtania mjukuu wake.

Tulikwenda duka la vifaa vya ujenzi watu watatu. Mshonaji alibeba mfuko, na ndani ya mfuko mlikuwa na kiatu kimoja cha mumewe, cha kushoto.

Muuzaji alianza na vigae vinavyong'aa. Mshonaji akapiga magoti, akaingiza mkono ndani ya kiatu, akakiburuta juu ya kigae. Kiatu kikateleza kama sabuni. Akatikisa kichwa. Muuzaji akauliza kwa upole kama mama anatafuta sakafu au anatafuta kiwi.

Mguu wa kushoto wa Mzee Saa haukunyanyuka tena, aliuburuta. Kwa hiyo sakafu yake ilitakiwa isiteleze, na pia isiwe na mahali pa kunasa. Vigae vya mkwaruzo, ambavyo Fundi alivipigia debe sana, vilikinasa kiatu kwenye kila kiungo. Zulia lilikishika kama lina ugomvi nacho, na isitoshe zulia likilowa ni kwaheri, linanuka mpaka unahama wewe. Saruji tupu Fundi aliitaja kwa sauti ya chini, kama mtu anayemtaja ndugu yake asiye na kitu mbele ya wageni. Mshonaji akasema hapana, ni ngumu mno, siku akianguka juu yake atapasuka kama sahani. Mbao mama alishazikataa kabla hatujatoka nyumbani. Alisema zile za baba zimemtosha.

Vikabaki vibao vya plastiki. Vilikuwa virefu, vyembamba, vimechorwa mistari ukadhani ni mbao za kweli, na hubandikwa kwa gundi moja kwa moja juu ya zege, kama lile lililobaki kwetu mbao za baba zilipong'olewa. Muuzaji akamwaga glasi ya maji juu ya kimojawapo, akasubiri, akapangusa, akatuonyesha kilivyobaki kikavu.

"Hiki hata ukikilaza ndani ya bwawa," akasema.

Kiatu kikapita juu yake taratibu, bila kuteleza, bila kukwama. Mshonaji akakipitisha tena, na tena. Kisha akakaa chini pale pale dukani, akakikumbatia kiatu cha mumewe, na muuzaji akaacha utani.

Fundi alikiri kuwa vitu vile hajawahi kuvibandika maishani. Lakini gundi ni gundi, akasema, na zege ni zege.

Sasa sikilizeni vizuri, maana kosa liko hapa.

Ndani ya boksi mlikuwa na karatasi ya maelezo, kwa lugha ya kigeni, herufi ndogo kama mbegu za mchicha. Fundi alinipa mimi. Alisema hiyo ni sehemu yangu, yeye sehemu yake ni magoti. Nikaisoma yote, neno kwa neno. Iliandikwa kwamba zege lililowahi kulowa huweza kuonekana limekauka juu na huku ndani bado limebeba maji. Kwamba kabla ya kupaka gundi lazima upime: unabandika kipande cha nailoni juu ya zege, unakiziba pande zote nne, unakiacha siku nzima. Ukikibandua ukakuta chini yake pametoka jasho, usibandike kitu. Subiri. Hata mwezi, subiri.

Niliielewa. Sina cha kujitetea kwamba sikuielewa.

Nilikuwa natoka kwenda kumweleza Fundi hatua kwa hatua. Nikiwa mlangoni simu ikalia. Mshonaji, analia na kucheka, hospitali imesema Mzee Saa atatoka keshokutwa. Keshokutwa! Nikamwona Fundi uani anachanganya saruji ya kuziba nyufa, na simu ikiwa bado sikioni nikamwambia:

"Fundi, kabla hujabandika, hakikisha umepima maji."

Alinitazama kama nimemwambia anawe mikono kabla ya kula.

"Msomi, mimi ndiye unayeniambia nipime maji?"

"Ni muhimu sana, mzee wangu."

"Nimeanza kupima maji baba yako hajaoa."

Akacheka, nikacheka, nikarudi kwenye simu.

Kesho yake mchana nikamuuliza kama amepima. Akasema amepima pembe zote nne na katikati, tena amerudia kwa heshima yangu, na hali ni safi kabisa. Nikampigia Mshonaji kumwambia sakafu imepimwa. Nilijivuna. Niliona elimu yangu hatimaye imemfaa mtu.

Mzee Saa aliletwa Ijumaa asubuhi. Alivaa kile kiatu. Mkewe alimwachia mkono mlangoni, akarudi nyuma mpaka dirishani, akamwita. Mzee Saa akanyanyua mguu wa kulia, akauburuta wa kushoto. Tukahesabu kimoyomoyo. Hatua kumi na moja. Alipofika dirishani alitazama chini, akautafuta ulimi wake kwa muda, akasema neno moja.

"Nzuri."

Ndilo neno la kwanza alilolitamka sawasawa tangu augue. Mama alitoka nje akijifanya ameitwa na jirani. Fundi alipangusa dirisha ambalo halikuwa na vumbi.

Tulipewa siku tisa.

Siku ya kumi Mshonaji alinipigia kuniambia sakafu inasema. Nilimuuliza inasema nini. Akajibu kwamba ukikanyaga karibu na jikoni inatoa sauti ya mtu anayetafuna kitu kibichi. Nikamwambia labda ni gundi inajikaza. Sikujua gundi hujikaza vipi, nililisema tu. Siku ya kumi na mbili akasema kuna harufu, na ncha ya kibao kimoja imeinuka, si sana, kama ukucha. Nikamwambia nitakuja kesho na Fundi.

Kesho hiyo sikuwahi kuiona.

Mzee Saa alikuwa anatoka jikoni. Mguu wa kushoto ukaingia chini ya ule ukucha, naye akaenda mbele mzima mzima. Kiuno kilisalimika. Ulivunjika mkono, na si ule uliolegea. Ulivunjika wa kulia, mkono wa kutengenezea saa, mkono pekee aliokuwa amebaki nao.

Wifi alikuja na gari kama alivyosema. Hakugomba, hakumtukana mtu. Aliyakunja mashati ya mdogo wake moja moja, akayaweka begini, akamwambia Mshonaji kwamba hana kinyongo, ila makubaliano ni makubaliano. Mzee Saa aliwekwa kiti cha nyuma. Alimtazama mkewe kupitia kioo mpaka gari likakata kona, na kwa vile mkono mmoja ulikuwa umelegea na mwingine umefungwa, hakuweza hata kumpungia.

Fundi alifika jioni ile ile. Alipobandua kibao cha kwanza, gundi ilikuwa imekuwa uji. Zege chini yake lilikuwa jeusi kwa unyevu. Akabandua cha pili, cha tano, cha kumi. Mwisho akabaki amepiga magoti katikati ya sebule, vibao vimemzunguka, anainusa gundi kama mtu anayenusa chakula kilicholala.

"Haiwezekani," akasema. "Nilipima mwenyewe. Kila pembe kipovu kilisimama katikati."

Kipovu.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoelewa.

Pima maji, kwa fundi yeyote aliyewahi kushika mwiko, ni kile kifaa chake kirefu chenye kichupa cha maji na kipovu ndani. Ukikilaza juu ya sakafu, kipovu kinakuonyesha kama imelala sawa au imeinama. Mimi nilimwambia apime maji, naye akachukua pima maji akapima. Mtu wa miaka arobaini ya kazi, aliambiwa na binti wa rafiki yake afanye jambo ambalo hata mwanafunzi wa siku ya kwanza halisahau, akameza tusi, akalifanya mara mbili kwa heshima yangu. Sakafu ilikuwa imelala sawa kabisa. Ilikuwa pia imelowa ndani kama sponji, na aliyeisoma karatasi ni mimi peke yangu; mtu aliyerudia kipimo cha siku nzima ndani ya nusu siku alipaswa kunishtua.

Ingenichukua sentensi moja. Fundi, sikumaanisha kifaa, nilimaanisha unyevu. Alikuwa pale, hatua mbili kutoka kwangu. Akaniuliza kama labda gundi ilikuwa mbovu kutoka dukani.

Nikasema labda.

Siku tatu baadaye Mshonaji alikuja kwetu. Hakukaa mpaka mama alipomvutia kiti. Alikuwa amezungumza na Wifi. Wifi anaamini mgonjwa aliachwa peke yake mke akishona. Lakini ni mwanamke wa haki, Mshonaji akasema, hataki kumwonea mtu. Amesema aonyeshwe kosa ni la nani. Kama ni la fundi, basi fundi abadilishwe, sakafu itengenezwe upya, na mkono ukiunga Mzee Saa atarudi kwa mkewe. Kama ni la mke, harudi. Na kama ni la wenye nyumba, harudi vilevile, maana nyumba ya watu wazembe haikosi hatari nyingine.

"Wewe umesoma, mwanangu," Mshonaji akaniambia. "Niandikie barua ambayo Wifi hataweza kuipinga."

Mama akaniletea kalamu.

Niliandika ukurasa mmoja na nusu. Nilieleza bomba, mbao, duka, kiatu. Nilieleza jinsi mke alivyokuwa hatua tatu tu kutoka kwa mumewe alipoanguka, na hilo lilikuwa kweli. Kisha nikafika mahali pa kosa. Kalamu ilisimama muda mrefu.

Nikafikiri kwamba Fundi ni mzee, jina lake limeshajengeka, barua moja kwa mwanamke mmoja wa mbali haitamdhuru. Nikafikiri kwamba nikijitaja mimi, nimewatenganisha watu wawili mpaka kifo chao. Nilikuwa na sababu nzuri. Watu kama mimi hatukosi sababu nzuri.

Nikaandika: "Mimi mwenyewe nilimwambia fundi apime maji kabla ya kubandika, naye akanihakikishia kwamba amepima."

Someni tena. Hakuna uongo hapo. Hata koma imekaa mahali pake. Katika miaka yangu yote ya chuo sikuwahi kuandika sentensi iliyonyooka namna ile.

Mshonaji aliisoma barua akanibusu kwenye paji la uso.

Nilidhani itatumwa tu, ikae kwenye mkoba wa Wifi, yaishe. Haikuwa hivyo. Mshonaji aliionyesha kwa jirani, jirani akamhadithia wa tatu, na wiki haijaisha mama akaniambia kwamba nyumba ya kona, ambayo Fundi alikuwa aanze kuipigia vigae, imempa kazi mtu mwingine. Mwenye nyumba yule alisema hataki fundi wa kuvunja watu mikono. Siku mbili mbele nikapishana na Fundi barabarani. Aliniita Msomi kama kawaida. Akaniambia anadhani macho yake yamechoka, huenda alikisoma kipovu vibaya, na anafikiria kuacha kazi.

Nikamwambia apumzike. Hayo ndiyo yaliyonitoka mdomoni. Apumzike.

Halafu Wifi akaja mwenyewe.

Hakuna aliyemtarajia. Alisema ameipata barua, na imeandikwa vizuri, pengine vizuri kupita kiasi. Alisema yeye hapokei karatasi inayomshitaki mtu ambaye hajaiona. Alitaka Fundi aitwe, aisome kwa macho yake, akubali au akatae, halafu yeye ataamua juu ya mdogo wake siku hiyo hiyo.

Tulikutana kwenye ile sebule, saa nne asubuhi. Vibao vyote vilikuwa vimebanduliwa na kuegemezwa ukutani, zege liko wazi, bado na mabaka meusi. Wifi alikaa kwenye kiti cha Mzee Saa. Mshonaji alisimama nyuma ya cherehani yake, ameishika kwa mikono miwili. Mama alikuwa karibu nami. Fundi aliingia amevaa shati la kanisani... hapana, nisiongeze chumvi, lilikuwa shati safi tu, limepigwa pasi, na sijawahi kumwona Fundi na shati lililopigwa pasi.

Wifi akampa barua. Fundi husoma polepole, kwa kidole, midomo ikicheza. Alisoma bomba. Alisoma duka. Kwenye kiatu alitabasamu kidogo. Tulimsikia anavyopumua. Alipofika ukurasa wa pili kidole kikasimama, kikarudi nyuma, kikapita tena juu ya sentensi yangu.

"Hapa pana ukweli," akasema.

Mshonaji akafumba macho. Nilidhani Fundi amekubali kosa. Mungu anisamehe, nilipumua.

"Aliniambia nipime maji," Fundi akaendelea, "na mimi nilipima. Ndivyo ilivyoandikwa. Sasa nimesoma mpaka hapa na sijaona kosa langu. Alisema nipime, nikapima. Sakafu imelala sawa mpaka leo, leteni pima maji mtu yeyote ajaribu." Akamrudishia Wifi barua kwa mikono miwili. "Kama kulowa kwa zege ndilo kosa, hilo la kulowa hakuna aliyeniambia habari zake. Ningeambiwa ningengoja."

Mama akaniangalia, akaangalia zege, akaniangalia tena.

Wifi alivaa miwani, akaisoma ile sentensi mwenyewe. Hakumtazama Fundi tena, wala Mshonaji. Alinigeukia mimi.

"Binti, kalamu ilikuwa yako," akasema. "Hebu nifafanulie. Ulipomwambia apime maji, ulimaanisha nini?"

Nyuma ya cherehani, Mshonaji alikuwa ananiitikia kwa kichwa taratibu, ananisihi nijibu, ana hakika jibu langu ndilo litakalomrudisha mumewe.